Chumba Kisichoingia Baridi

Wekulo alizijenga zile nyumba nne kwa mikono yake, na zote zilikuwa na kipimo kimoja: futi kumi kwa kumi, mlango mmoja, dirisha moja la kioo upande wa mashariki. Ukizitazama kutoka barabarani ungedhani ni vyoo vya shule, jinsi zilivyopangwa mstari kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya ofisi ya utafiti wa majengo, si mbali na Barabara ya Ngong. Hakuna mtu aliyekusudiwa kulala humo. Zilijengwa zipimwe tu.

Aliyezisimamia ni injinia mmoja aliyeitwa Nzomo, Mkamba wa miaka kama thelathini, aliyesomea ng'ambo katika nchi ambayo, kwa maelezo yake, huruhusiwi kuanza kujenga kabla hujaonyesha kwenye karatasi joto la nyumba litapotea kiasi gani kupitia paa. Huo ulikuwa mwaka wa 1981. Mafuta ya taa yalikuwa yamepanda bei, misitu ilikuwa inaishia kwenye magunia ya makaa, na serikali ilikuwa imeunda kamati ya kuzitazama upya kanuni za ujenzi, zile zilizoachwa na wakoloni, ili nyumba mpya za wafanyakazi zikae na joto bila kula moto mwingi.

"Kanuni tulizo nazo zinajali ukuta usianguke," Nzomo alimwambia siku ya kwanza. "Aliye ndani akitetemeka, hiyo si shida yao."

"Sawa, injinia," Wekulo alisema, akauliza mchanga utamwagwa wapi.

Ndivyo alivyokuwa miaka hiyo. Mtu angeweza kumwambia jambo zuri au baya, naye angeitikia sawa, kisha angeuliza kuhusu mchanga, au maji, au simiti. Wenzake walimwona fundi mpole. Hakuwa mpole. Kulikuwa tu na mahali ndani yake ambapo mambo yalikuwa yakifika zamani, na sasa hayakufika tena.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mawe ya kuchonga na mabati matupu, kama ploti nyingi za vyumba vya kupanga Nairobi. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ila iliwekwa dari. Ya tatu ilikuwa na dari na kuta nene za matofali ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo. Ya nne ilifanana na ya tatu kwa kila kitu, isipokuwa haikuachwa tundu la hewa hata moja. Kanuni za zamani zilitaka kila chumba kiwe na tundu juu karibu na paa, tundu lisilofungika, na Nzomo aliamini kwamba hayo matundu ndiyo yaliyokuwa yakitorosha joto. Kwa hiyo aliagiza mwanya wote kati ya ukuta na mabati uzibwe kwa simiti, na fremu ya mlango ipigiliwe ukanda wa mpira.

"Utaweza kuziba vizuri, fundi? Nataka hata sisimizi asipate njia."

"Nitaweza."

Na aliweza kweli. Alikuwa ameshaziba chumba kingine kabla ya hicho.

Chumba hicho kilikuwa Kawangware. Wekulo na mkewe Nabalayo walikipanga kwa miaka minne, wakati binti yao Lenah akilelewa na bibi yake kijijini karibu na Webuye. Kuta zilikuwa za udongo uliopigwa lipu, paa la mabati, na juu ya ukuta kulikuwa na mwanya wa vidole vinne uliozunguka chumba chote. Kuanzia Juni mpaka Agosti, ukungu ulikuwa ukipita hapo kana kwamba nao unalipa kodi. Nabalayo alikuwa mtu wa kuonewa na baridi. Alilala na soksi mbili na sweta la mumewe, na alipenda kumtania.

"Wewe unajengea matajiri nyumba za joto," alisema, "mimi nalala kama niko sokoni."

Jumapili moja ya Juni mwaka wa 1979, Wekulo alichukua simiti iliyobaki kazini akauziba ule mwanya wote. Akaziba na tundu dogo lililokuwa juu ya mlango. Akakata tyubu kuukuu ya baiskeli, akaipigilia pande zote mbili za fremu. Ilikuwa kazi safi, maana hakujua kufanya kazi chafu. Jioni Nabalayo alikaa kitandani bila sweta, akatazama huku na huku, akasema, "Sasa hapa ni nyumbani."

Mwezi uliofuata Wekulo alipata kazi ya siku nne Thika. Aliporudi Jumamosi adhuhuri alikuta mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Jirani alimwambia hajamwona Mama Lenah tangu jana jioni, alipompita akipepea jiko pale mlangoni. Wekulo aliita, akangoja, akaita tena, kisha akauvunja mlango kwa bega. Jiko lilikuwa katikati ya sakafu, limejaa majivu meupe. Nabalayo alikuwa amelala ubavu, blanketi limefika shingoni, na viganja vyake vilikuwa vyekundu kama vya mtu aliyetoka kufua nguo za familia nzima. Wekulo alisimama pale mlangoni, na jambo la kwanza lililomjia akilini, kabla hajaelewa lolote, ni kwamba chumba kilikuwa bado na joto.

Daktari alisema ni hewa ya makaa. Polisi waliandika hivyo. Kwenye mazishi, Khamala, kaka yake Nabalayo, ambaye alikuwa seremala hapo hapo Kawangware, alimwuliza mbele ya wazee ni nini kilichomchukua dada yake.

"Makaa," Wekulo alijibu.

Jibu lilikuwa la kweli, na hakuna aliyeuliza zaidi. Alirudi Nairobi, akatoa vyombo vyake, akamrudishia mwenye ploti ufunguo, akahamia Silanga, upande wa Kibera unaopakana na bwawa, ambako hakuna aliyemjua.

Huko jirani yake alikuwa Rosebella, mama kutoka kando ya ziwa, aliyelima sukuma wiki kwenye kishamba karibu na maji na kuuza makaa kwa mkebe mbele ya mlango wake. Rosebella alikuwa na binti aliyeitwa Caren, na alipojua kwamba Wekulo ana mtoto kijijini akaanza kumwita Baba Lenah. Wekulo hakununua makaa yake. Alipika kwa stovu ya mafuta, nje, hata mvua ikinyesha, na alikula kama mtu anayejaza gunia. Lenah alipoandika barua kwa penseli kuuliza baba atakuja lini, aliisoma, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha. Kesho yake akaisoma tena, kama mtu anayesoma tangazo la kazi iliyokwisha kuchukuliwa.

Juni hiyo ya 1981 baridi ilipoanza kuuma, Rosebella alimkuta akinoa mwiko wake.

"Baba Lenah, wewe ni fundi. Hebu niangalilie huo mwanya wangu wa juu, upepo unaniulia mtoto. Simiti nitanunua."

"Sijui kuziba," Wekulo alisema.

Rosebella alimtazama akidhani ni mzaha. Alipoona uso wake hausemi kitu, alirudi kwenye makaa yake.

Kule kiwanjani vipimo vilikuwa vimeanza. Kila asubuhi saa kumi na mbili Wekulo alizunguka na daftari, akachungulia kupitia kioo kila kipimajoto kilichotundikwa ndani, akaandika. Nyumba ya kwanza digrii kumi na moja. Ya pili kumi na tatu. Ya tatu kumi na tano. Ya nne kumi na nane. Nzomo alipoziona namba hizo alitembea akizunguka meza yake.

Halafu ukaja upimaji wa moto. Kila nyumba iliwekewa jiko lenye kilo moja ya makaa, mlango ukafungwa kwa saa mbili, Wekulo akasoma kipimajoto kila baada ya dakika kumi. Baada ya hapo kibarua aliyeitwa Ogola, kijana mwenye maneno mengi, aliingia kuyatoa majiko. Nyumba ya nne ilifikia joto lililotakiwa kwa nusu ya makaa ya nyumba ya kwanza.

"Nusu, fundi," Nzomo alisema. "Sasa fikiria Nairobi nzima. Fikiria hiyo miti."

"Ni mingi," Wekulo alisema.

Siku ya kwanza Ogola alitoka nyumba ya nne akakaa juu ya mawe, akakishika kichwa. Alisema ni maharagwe aliyokula kwenye kibanda. Siku ya pili alitapika kando ya ukuta, akalaumu maharagwe tena. Wekulo alimletea maji, akamwambia akae upande wa upepo. Alimwangalia akinywa. Alijua ni nini. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwenye kile kiwanja, na lile neno alilopaswa kulisema lilikuwa hapo karibu, jepesi tu, lakini kulinyanyua ilikuwa kama kunyanyua mkono uliokufa ganzi usingizini. Siku ya tatu alimwambia Ogola aende akachote maji, akaufungua mlango wa nyumba ya nne yeye mwenyewe, akasimama mbali, akahesabu mpaka mia tatu, ndipo akaingia kulitoa jiko. Akafanya hivyo kila siku mpaka upimaji ulipokwisha. Daftarini hakuandika zaidi ya namba.

Katikati ya Julai kamati ilikuja kuona. Walikuwa watu watano, mwenyekiti wao mzee mmoja mnene aliyevaa koti zito, na karani wao mwanamke aliyeitwa Bi. Kavetsa, aliyeandika kila neno kwa mwandiko wa pole pole. Kulikuwa na manyunyu. Waliingia nyumba ya kwanza wakatoka wakisugua mikono. Walipofika ya nne, ambayo jiko lilikuwa limewashwa humo muda mfupi tu kisha likatolewa na mlango kurudishwa, mwenyekiti alifungua vifungo vya koti.

"Hapa mtu anasahau kama ni Julai," alisema.

Nzomo alitoa karatasi, akasoma mapendekezo yake. Kuta ziwe na unene fulani. Kila chumba cha kulala kiwe na dari. Na chumba chenye kuta na dari za namna hiyo kisilazimishwe tena kuwa na tundu la kudumu la hewa. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Mmoja aliuliza juu ya gharama ya dari, akajibiwa. Wekulo alikuwa amesimama karibu na mlango na daftari lake, kama alivyoambiwa, na labda kwa kuwa alikuwa hapo tu, mwenyekiti alimgeukia kwa ukarimu.

"Na wewe fundi uliyezijenga. Ukipewa hii, utakaa?"

"Nilikaa," Wekulo alisema.

"Ulikaa hapa?"

"Kawangware. Chumba changu nilikiziba kama hiki. Mke wangu akawasha jiko, akafunga mlango, akafa."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayotumia kusema magunia ya simiti yamebaki sita. Manyunyu yalisikika juu ya mabati, yakipotea katika dari. Mwenyekiti alianza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, bila kujua anafanya nini. Nzomo alikuwa bado ameshika karatasi wazi mbele ya kifua.

Aliyezungumza kwanza ni Bi. Kavetsa. Kalamu yake ilikuwa imesimama, sasa akaisogeza kwenye mstari mpya.

"Ilikuwa mwaka gani?"

"Sabini na tisa. Julai."

"Chumba kilikuwa na ukubwa gani?"

"Kumi kwa kumi."

"Makaa yalikuwa kiasi gani?"

"Mkebe mmoja, nadhani. Ndio aliokuwa akinunua."

Bi. Kavetsa aliandika yote. Hakusema pole, na Wekulo alimshukuru moyoni kwa hilo, au alifikiri kwamba kama angeweza kushukuru, angemshukuru. Kisha mwanamke huyo akainua macho.

"Na sasa ni nani anakaa humo?"

Wekulo alifungua mdomo. Kwa miaka miwili alikuwa amekibeba kile chumba kichwani, kila ufa na kila msumari, na siku zote kilikuwa kitupu, mlango umeegemea, majivu sakafuni. Hakuwahi hata mara moja kukitia mtu mwingine ndani.

"Sijui," alisema.

Kamati ilipoondoka, Nzomo alimkuta ameketi juu ya rundo la matofali. Akakaa naye, suruali yake nzuri juu ya udongo.

"Kwa nini hukuniambia, fundi?"

"Sijui, injinia."

"Ogola aliingia humo siku mbili."

"Najua."

Nzomo alikuwa akiangalia viatu vyake. "Kule nilikosomea hawawashi makaa ndani," alisema mwishowe. "Wana mabomba ya maji moto ukutani. Mimi mwenyewe nimekulia kwa jiko, Machakos, lakini tulikuwa na jikoni kando, hewa inapenya kila mahali. Sikufikiri." Akasimama, akajipangusa. "Kesho tutaitoboa."

Kesho yake Wekulo aling'oa ukanda wa mpira, akatoboa tundu moja juu na jingine chini upande wa pili, la inchi tisa kwa sita kila moja. Asubuhi iliyofuata kipimajoto kilisoma kumi na tano na nusu. Nzomo aliandika namba hiyo. Siku hiyo hiyo Wekulo alimwambia Ogola ni nini hasa kilichokuwa kikimuumiza kichwa. Ogola alisikiliza mpaka mwisho, akaokota koleo lake, na wiki mbili nzima hakumsalimia.

Jumamosi Wekulo alikwenda Kawangware. Alikwenda kwa miguu, na kila alipofika mahali ambapo mtu mwenye moyo angepunguza mwendo, miguu yake haikupunguza. Khamala alikuwa kwenye banda lake akipiga randa ubao wa mlango. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni.

"Shemeji," Khamala alisema. Akamsogezea kiti kisichokuwa na mgongo.

"Shemeji, nimekuja kukuambia jambo. Kile chumba nilikiziba mimi. Mwanya wote, na tundu la juu ya mlango. Ndiyo maana."

Khamala aliendelea kupiga randa mara mbili tatu, mpaka akafika mwisho wa ubao.

"Najua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe. Alinipeleka nikaone. Aligonga ukuta kwa kidole akaniambia, tazama kazi ya shemeji yako."

"Na kwenye mazishi ukaniuliza."

"Nilitaka useme wewe. Ukisema wewe, na mimi ningesema." Khamala aliweka randa chini. "Ule ukanda wa chini ya mlango niliuweka mimi. Alhamisi, wewe ukiwa Thika. Alikuja hapa akasema upepo sasa unapita chini tu, miguuni. Nikaenda na kipande cha mpira na misumari minne. Ilinichukua dakika tano."

Wekulo alijaribu kuukumbuka ukanda wa chini ya mlango, hakuukumbuka. Mlango alikuwa ameuvunja. Wakakaa, na vumbi la mbao likatulia juu ya viatu vyao. Kama kuna mmoja aliyetegemea kwamba baada ya kusema yale maneno kitu kingefunguka kifuani, hakikufunguka. Khamala aliuliza kama amekula. Wekulo alisema bado. Khamala akaagiza chai na mandazi, wakala.

"Nani anakaa pale siku hizi?" Wekulo aliuliza.

"Kuna mama mmoja, bwanake ni askari wa kulinda gereji. Ploti nzima chumba hicho ndicho hakikosi mpangaji."

"Kwa nini?"

Khamala alimtazama. "Ni kwa sababu hakiingii baridi."

Wakabeba nyundo, tindo na tarimbo.

Mlango ulikuwa mpya, lakini fremu ni ile ile, na vipande vya tyubu ya baiskeli vilikuwa bado pale, vimekauka na kuwa vyeusi zaidi. Mama aliyetoka aliitwa Risper. Alikuwa na mimba kubwa, na mikono yake ilikuwa na povu la sabuni. Alimjua Khamala kwa sura, kwa hiyo hakuogopa.

"Jiko unaliweka wapi, mama?" Wekulo aliuliza.

"Hapa nje. Baridi ikizidi nalisukuma ndani."

"Na mlango?"

"Naufungua kidogo. Mara nyingine nausahau." Akajifuta mikono kwa kanga. "Kichwa kinaniuma sana asubuhi lakini ni hii mimba. Nyinyi ni watu wa kanjo, wa baraza la jiji?"

"Hapana. Mimi nilikaa hapa kabla yako." Akamweleza, kwa maneno machache kama aliyoyatumia mbele ya kamati, lakini safari hii ilibidi asimame mara moja katikati. Mwenye ploti hakuwahi kumwambia Risper kwamba kuna mtu aliyefia humo. Alimwambia tu hiki ni chumba cha mafundi, kimekazwa vizuri.

Risper hakupiga kelele. Aligeuka akatazama ndani, kwenye kitanda chake.

"Alikuwa amelala upande gani?"

"Wa ukutani."

"Mimi nalala upande wa ukutani," Risper alisema. Kisha akaanza kutoa blanketi na nguo, akazilundika kwenye kiti nje. "Toboeni basi. Mwenye ploti akija mtajibu nyinyi."

Simiti ya Wekulo ilimkatalia. Alikuwa ameichanganya vizuri, kipimo kwa kipimo na mchanga safi, na kila pigo la tindo lilitoa unga tu. Khamala alishika tarimbo kutoka nje. Ilichukua muda mrefu kuliko kuziba. Kipande cha kwanza kilipoanguka, mwanga uliingia kwenye chumba kama karatasi, ukalala juu ya sakafu. Walitoboa juu ya mlango, kisha chini ya ukuta wa nyuma, halafu Khamala akapiga magoti akang'oa mpira wa kwenye fremu kwa kucha ya nyundo, vipande vyote, akavitia mfukoni. Mkono wa Wekulo ulimuuma mpaka begani. Aliuhisi ule uchungu vizuri, na akaona ajabu kidogo kwamba anauhisi.

Mwenye ploti alikuja jioni hiyo, akafoka kidogo, akamwona Risper amesimama mlangoni na tumbo lake, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Wekulo alirudi, akakuta tundu la chini limesokomezwa gunia.

"Panya," Risper alisema kabla hajaulizwa. "Jana mmoja kapita juu ya mguu wangu."

Wekulo alilichomoa gunia, akapima tundu kwa kiganja, akaenda kwa Khamala akakata kipande cha wavu wa waya. Wakati akikipigilia, Risper, aliyekaa kwenye stuli akichambua mchele, alimwuliza marehemu aliitwa nani. Tangu azikwe hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Wekulo hivyo. Waliomjua walijua, na wasiomjua hawakujua kuna la kuuliza.

"Nabalayo," alisema. Ilibidi aseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.

Kanuni zilichapishwa mwaka uliofuata. Nzomo alimpa nakala, akamwonyesha ukurasa. Dari ilikuwemo, na unene wa kuta ulikuwemo. Na kulikuwa na mistari miwili mipya: kila chumba cha kulala kiachwe matundu mawili ya hewa, moja juu na moja chini, yasiyoweza kufungwa, hata pale ambapo hatua zimechukuliwa za kuhifadhi joto. Hakukuwa na jina la mtu. Nzomo alisema, bila kujitetea, kwamba kanuni hizo zitawahusu wale wanaopeleka ramani zao kupitishwa. Silanga hakuna aliyepeleka ramani. Kawangware, wachache. Wekulo aliisoma ile mistari mara mbili, akaikunja nakala, akamrudishia, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuiweka isilowe.

Lakini hayo yalikuwa ya mwaka uliofuata. Risper alijifungua Septemba hiyo hiyo ya 1981, mtoto wa kike. Hakupewa jina la marehemu, wala hakuna aliyetarajia apewe. Alipewa la bibi yake, mama wa yule askari wa gereji. Khamala alileta habari hizo kiwanjani siku ya kazi, amepanda baiskeli ya mtu, na Wekulo alikuwa juu ya ngazi.

"Ni mzima?" aliuliza.

"Analia mpaka ploti nzima inalalamika."

Wekulo alishika pima maji, akaiweka juu ya ukuta, akangoja kiputo kitulie.

"Na matundu?"

"La chini liko wazi. La juu nimekuta gazeti. Nimelitoa."

"Atalirudisha," Wekulo alisema.

"Atalirudisha," Khamala alikubali. "Nitapita tena Jumatano."